Sahani ya Kwanza na Kitunguu

Nyumbani kwa mama yangu, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, hakuna anayegusa sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa vitunguu, kabla mtoto wa kwanza hajapakuliwa na kuonja. Mtoto wa kwanza ni mimi. Heshima hiyo nilikuwa nayo hata kabla sijaenda Afrika Kusini, nikabeba magunia mchana na kusoma baada ya kazi, hadi nikarudi na diploma ya biashara na kufungua duka la unga Area 36, Lilongwe, bila kusaidiwa na mtu. Waliotoka kambini na kufika hapo ni wa kuhesabu.

Kwa hiyo tumbo liliponianza sikumwambia mtu. Lilijaa gesi, likauma, likanikimbiza chooni wateja wakiwa wamesimama. Daktari mmoja wa Lilongwe alinipima, akasema utumbo wangu hauna kidonda, ila unakasirishwa haraka na baadhi ya vyakula. Akanipa karatasi: kwa wiki chache niache vitunguu, vitunguu saumu, maharage, mkate wa ngano, maziwa na maembe, nile wali, nsima ya mahindi, viazi, mayai, samaki, karoti na machungwa, chai iwe ya rangi. Baadaye nirudishe kimoja kimoja, nione kipi kinanidhuru. Niliisoma mara moja nikaikunja. Mtu wa diploma harudii karatasi.

Jumapili iliyofuata niliisogeza sahani. "Mama, leo sombe haipiti." Sikueleza zaidi.

Mama alinitazama, kisha akaisukuma kwa mdogo wangu, fundi cherehani aliyeacha shule darasa la sita. "Basi we onja."

Akaonja. Kisha akamega bugali, akachota maharage yaliyojaa vitunguu, akashushia maziwa ya mgando, na tumbo lake halikusema neno. Nilimwonea wivu. Jumapili ya pili mama hakuniuliza hata kidogo. Sahani ilikwenda kwake moja kwa moja.

Ya tatu nikashindwa. Nikatoa karatasi, nikaeleza.

"Mbona hukusema, papa?" mama akauliza, akiniita baba kama utotoni. "Mi nilizani chakula yetu inakunukia vibaya sasa."

Sombe ilikuwa tayari motoni. Akaiepua, akaanza kuokota vipande vya kitunguu kwa kijiko, kimoja kimoja. "Nimetoa yote. Kula." Sahani ya kwanza ilikuwa mbele yangu tena, nikala hadi mwisho. Kabla ya kufika Lilongwe nilimwomba dereva asimame mara mbili.

Jumapili ya nne nilikwenda nikiwa nimeamua kumwachia mdogo wangu sahani. Nikamkuta ameshika karatasi yangu, niliyoisahau chini ya chupa ya chai.

"Yaya," akaniita, kama kila mdogo anavyomwita mkubwa wake, "nyuma ulisoma?"

"Nyuma ya nini?"

"Ya karatasi."

Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno. Kitunguu kikichemka kwenye maji, kile kinachodhuru huingia mchuzini, hata ukitoa vipande vyote. Kwenye mafuta matupu hakiingii. Kaanga kitunguu, kitoe, ndipo uweke chakula.

"We njo wa diploma," akasema, akicheka. "Mi nasoma polepole, njo maana nilifika nyuma."

Kumbe alikuwa amemsomea mama kabla sijafika. Mama alikuwa amekwisha kukaanga vitunguu katika mawese, akavitoa vyote, akapika sombe katika mafuta yale, bila kitunguu saumu. Akanipakulia mimi kwanza, kidogo, kama karatasi ilivyosema. Ilinukia kitunguu. Nilionja nao wakasubiri, na siku hiyo tumbo lilitulia hadi nikafika kwangu.

Ningetosheka. Lakini vile vitunguu vilivyotolewa, vya kahawia, vinavyometa mafuta, mama alivimwaga kwenye kisahani akakiweka mbele ya mdogo wangu.

"Ile ni ya petit, mdogo wako," akasema. "Ye njo alisoma."

Nikala sahani yangu ya kwanza macho yakiwa kwenye kile kisahani.