Muuza Maji, Kasi Arobaini na Nane

Kampuni inayotengeneza ile gemu ya mpira haikutuaga. Mwaka wa mwisho wa mashine za zamani za kuchezea ilibadilisha jezi tu, kama mtu anayepasha ugali wa jana na kuuita mpya. Mwaka uliofuata haikutoa kitu. Gemu mpya ilikuwa ya mashine mpya peke yake, na sisi hapa Mwihoko tulikuwa na nne za zamani.

Mashine ni za anti, dada mdogo wa mama. Kiwanda cha nguo kule Thika kilipomwachisha kazi, alifungua chumba cha gemu kando ya kinyozi, akaniweka nisimamie. Anaamini ninajua mitambo kwa sababu niliwahi kufungua redio yake. Hajawahi kuuliza kwa nini haikuimba tena.

Niliiandikia kampuni barua. Nakiri niliiandika mara kumi na moja, nikihangaishwa na koma. Jibu lilikuja baada ya dakika moja: asante kwa maoni yako.

Kisha jamaa mwenye chumba kingine cha gemu ng'ambo ya barabara akaleta mashine mpya. Wiki hiyo benchi letu lilibaki na paka.

"Jumamosi kuna mtu anatoka Kiandutu kuziangalia," anti akaniambia akichambua sukuma, bila kuinua macho. "Akizipenda, anunue abebe zote."

Sikula siku hiyo. Ujuzi wangu wote nimeuokota kwenye video za mtandaoni, na wote unahusu mashine hizo nne. Zikienda, mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu mwenye bisibisi.

Basi nikaamua kufanya kazi ambayo kampuni ilikataa. Gemu ya zamani inakuruhusu kubadilisha wachezaji mwenyewe, kwa hiyo nikaanza kuwahamisha waliohama timu, mmoja mmoja. Siku mbili zikaisha kwenye nywele za golikipa. Nilipoona Jumamosi itanikuta na golikipa mmoja mwenye nywele nzuri, nikafuta timu ndogo ya Ulaya ambayo hapa hakuna ambaye angeililia, nikaandika watu wetu: mwenye bucha, fundi wa viatu, kinyozi, muuza maji. Kila mchezaji wa gemu hupewa namba ya kasi isiyofika mia, na kwa vile siwezi kuandika namba ya kubahatisha, nilienda uwanjani wanapocheza jioni, nikawapima na daftari mkononi.

Hapo ndipo nilipokosea. Mtu mwenye akili angempa kila mteja tisini. Mimi nilimpa muuza maji kasi ya arobaini na nane.

Aliijua Ijumaa.

"Wewe kijana, hii arobaini na nane ni yangu ama ni ya mkokoteni?"

"Ni yako, boss. Nilikupima mara tatu."

"Na kinyozi?"

"Sitini na moja."

"Kinyozi! Huyo hukimbia akiona mvua tu!"

Kinyozi alisikia kupitia mabati, akaingia na mashine ya kunyoa mkononi. "Kubali tu, buda. Sisi wengine hatubebi tumbo."

Nyuma yake alisimama mteja aliyenyolewa upande mmoja, akitaka kujua kama naye yumo.

Kufikia jioni benchi lilijaa watu waliokuja kunitukana. Walinitukana wakicheza. Paka akahamia dirishani.

Jumamosi mtu wa Kiandutu alifika na magunia mawili. Alimkuta muuza maji akijichezesha mwenyewe kwenye skrini, akikimbizwa na kinyozi.

"Huyu ni wewe?" akamuuliza.

"Ni mimi, lakini nimeonewa."

Mgeni aliweka magunia chini. Akatazama mechi tatu. Kisha akaniinamia sikioni: "Na mimi ungeniandika ngapi?"

Anti alinikodolea macho. Jibu sahihi nililijua, hata paka alilijua.

"Sijui," nikasema. "Kimbia mpaka pale posho mill wanaposaga unga urudi, nione."

Anti alishika kichwa. Lakini mgeni alivua koti, akampa anti alishike, akatoka mbio akiwa ameshikilia suruali, na muuza maji akimfuata kwa kelele: "Thelathini! Mwandike thelathini!"

Alirudi akihema kama ng'ombe wa mnada. Nikaandika hamsini na mbili.

"Umeniongezea ama umeniibia?"

"Nimeandika ulivyokimbia, mzee."

Alimwangalia muuza maji, akaangalia ile arobaini na nane, akacheka hadi akakaa chini. Siku hiyo alibeba mashine moja tu, kwa sharti kwamba Jumapili baada ya kanisa niende Kiandutu na daftari langu kuwapima watu wake. Gunia la pili alilisahau. Anti alilikunja, akalitandika kwenye benchi.

Muuza maji alinuna, akahamia ng'ambo. Alikaa siku mbili. Siku ya tatu aliegesha mkokoteni mlangoni petu, akachukua pedi ya kuchezea bila kunisalimia.

"Vipi huko?" anti akamuuliza.

"Mashine ni safi, mama. Lakini mimi simo." Akanigeukia. "Wewe, nimefanya mazoezi. Nipime tena."

Nilimpima tena. Arobaini na tisa.