Kitabu cha Mipango Miji Kilichosomwa Suji

Nilipigwa na butwaa siku simu iliposema kwamba kitabu nilichokitaka hakiuzwi katika nchi yangu. Kilikuwa kitabu cha kusikiliza, cha mipango miji, kwenye lile duka kubwa la mtandaoni ambalo watu hulitaja kana kwamba hakuna duka jingine duniani. Simu alikuwa ameishika binti yangu. Nikamwambia asome tena, akasoma tena, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, nimekatazwa mengi na wakubwa wa kila aina, lakini kukatazwa kusikia kulikuwa kugeni kwangu.

Kusoma siwezi tena. Presha ya macho imeniachia mwanga na vivuli. Najua kuna mtu mlangoni, ila maandishi yote yamekuwa moshi. Na wakati huo nilihitaji kusoma kuliko siku zote, kwa sababu mtaa wetu hapa Same, uliojengwa kila mtu anavyojua mwenyewe, ulikuwa unarasimishwa. Wataalamu wangechora ramani, barabara zingepewa nafasi, kila mwenye nyumba angepata hati. Nilichaguliwa kwenye kamati ya mtaa kwa sababu naongea sana, nami nilikubali kwa sababu moja tu: nilitaka hati ya nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu, niikabidhi kwa binti yetu kabla sijafa. Ndugu wa mume wangu ni watu wazuri, ila ardhi ikitajwa kumbukumbu zao hubadilika.

Kwenye vikao vya kamati sikuelewa nusu ya maneno. Hifadhi ya barabara, matumizi ya ardhi, msongamano. Nikiuliza, yule kijana mtaalamu aliyeletwa kutuchorea anajibu kwa adabu zote, "Mama nesi, usijali, utaelewa mbele ya safari." Hiyo adabu yake ilinichemsha damu. Mgonjwa ukimwambia ataelewa mbele ya safari, atasaini upasuaji asioujua.

Basi duka kubwa likatufungia mlango, nasi tukaanza kuzunguka nje yake. Binti yangu, aliyezoea kununua viatu kwa simu, alidhani ni jambo la jioni moja. Tulikuta maktaba ya bure ambako watu hujitolea kusoma vitabu vilivyozeeka hadi hakimiliki yake imekwisha. Nikapata kimoja cha miji, kilichosomwa na bwana mwenye mafua. Alieleza mahali pa kuweka mabanda ya farasi wa kuvuta mabasi. Tukapata mihadhara ya chuo kimoja cha ng'ambo, mizuri kabisa, nikajifunza namna ya kuondoa theluji barabarani bila kuziba mitaro. Niliisikiliza yote huku nachambua maharage, na jua la Same linapasua bati.

Tukamwandikia mchapishaji mmoja mdogo anayejiuzia vitabu vyake mwenyewe. Huyo alijibu vizuri, akatutumia sura moja tuionje. Ilikuwa ya masoko na wamachinga, ya miji inayofanana na yetu, nikaruka kwa furaha. Kumbe sura nyingine hawajazirekodi. Kwa Kiswahili hatukupata hata kimoja. Nilishangaa hadi nikamwuliza binti yangu kama anatafuta kweli au ananidanganya, akanuna siku nzima.

Kitabu cha Kiswahili kilikuwepo, ila cha karatasi. Wanakamati wote tulipewa kwenye semina, mwongozo mnene wa mipango miji ulioandikwa kwa watu kama sisi, na wangu ulikuwa umekaa kabatini chini ya vitenge. Binti yangu alijaribu kunisomea, lakini ana mtoto mchanga, na mtoto yule hapendi mipango miji. Tukaupiga picha na kuupa simu yenyewe isome. Ile sauti ya mashine ilikitamka Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, na kila ikifika kwenye nukta inasema "nukta". Nikaizima.

Nilimpigia dada yangu mkubwa, mwalimu mstaafu, anayeishi kwetu Suji, kule milimani. Nilitaka tu kulalamika. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Kitabu kina sura ngapi? Nitumie. Tutakiitia msaragambo."

Nilicheka, ila binti yangu akamtumia zile picha za kurasa. Msaragambo kwetu Upareni ni kazi ya wote. Mfereji ukiziba, barabara ikikatika, watu wanaitwa, kila kaya inapewa kipande chake, na asiyetokea anatozwa faini. Sijawahi kusikia mtu ameitiwa msaragambo wa kusoma. Lakini dada yangu alisimama wakati wa matangazo baada ya ibada, akawaambia washarika kwamba mdogo wake amepoteza macho akiwa na kazi ya umma, na kitabu chake kimegawanywa vipande. Jumamosi wakakusanyika darasani na simu zao.

Kosa walilofanya wasingelifanya watu wengine popote. Kwenye msaragambo anayemaliza kipande chake haendi nyumbani. Anabaki na jirani mpaka naye amalize. Kwa hiyo waliomaliza kusoma walibaki, wakakaa karibu na wanaosoma, wakawa wanakijibu kitabu. Niliyasikia yote kwenye sauti walizonitumia. Mzee mmoja alianza sura ya taka ngumu kwa "Bwana asifiwe," na umati ukaitikia. Alipofika mwisho akasema, "Hapa ndipo mwisho wa somo letu," wakasema amina. Kwenye sura ya barabara, mama mmoja alikataa kuendelea mpaka aelezwe kwa nini barabara ya Suji haimo. Walikohoa, walibishana kwa Chasu, Kipare chetu, jogoo naye akachangia. Nilitamani usomaji safi, wa studio, na nilikasirika kidogo. Lakini nilielewa kila kitu, kwa sababu kila nisichokielewa alikuwepo mtu wa kukiuliza.

Binti yangu ndiye aliyenibonyezea zile sura, moja baada ya nyingine, akimnyonyesha mtoto. Wanakamati wenzangu walishapiga simu kuziomba. Hata wenye macho mazuri walikuwa hawajaufungua ule mwongozo.

Sura ya mikondo ya maji aliisoma dada yangu mwenyewe. Alisoma kwa sauti yake ya darasani, iliyonyooka. Alisema korongo kavu ni mto hata kama halijapitisha maji miaka mingi, na kwamba kwenye njia yake hapapimwi kiwanja. Akaanza kutaja dalili zake: kingo zilizolika pande mbili, mawe yaliyosuguliwa yakawa mviringo, mchanga mwepesi uliotandazwa, miti mikubwa iliyofuatana. Hapo akaacha kusoma. Nilidhani rekodi imekatika.

"Ngoja kwanza," alisema, na haikuwa tena sauti ya kusoma. "Mdogo wangu. Ule mchanga shemeji aliofyatulia matofali, si aliuchota hapohapo nyuma ya jikoni?"

Mle darasani sauti ya mwanamume ikasema taratibu, "Endelea mwalimu, unarekodi." Akaendelea.

Mimi sikusikia tena. Nilimwona mume wangu miaka ile, na koleo, akijisifu kwa kila mpita njia kwamba wenzake wananunua mchanga wa kuletwa na lori, yeye Mungu amemmwagia uani. Nilikumbuka mvua iliyoleta maji mpaka barazani, tukayafagia, tukasema mvua ya mwaka huu kali. Sisi watu wa Suji, tuliolelewa kando ya ndiva, mabwawa yetu ya kumwagilia, tunaokusanya maji usiku na kuyafungulia mashamba asubuhi, tunaojua kila tone linapita wapi! Nilinyanyuka nikaenda nyuma ya jikoni nikipapasa ukuta. Nikavua ndala. Mawe chini ya nyayo zangu yalikuwa mviringo, laini, moja baada ya jingine. Nilishika ukuta nikalia kwa sauti, sikujali majirani.

Niliporudi ndani, binti yangu alikuwa amesikiliza kile kipande tena.

"Mama, hapa tupafute," alisema. "Tukiwatumia wanakamati, tutume bila haya maneno."

"Dada yangu ameshayasema."

"Ameyasema Suji. Huku nani anajua? Kwenye mchoro hapa ni kiwanja. Mtaalamu mwenyewe ameandika kiwanja."

Nilimwambia afute, na alifuta, na nilimshukuru. Siku zilizobaki kabla ya mkutano wa kusomewa mchoro nilikuwa na raha ya ajabu, ya mtu aliyeambiwa vipimo vibaya ni vya mgonjwa mwingine. Nilipanga hata kabati la kuwekea hati.

Mkutano wa mtaa ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Yule kijana alisoma mchoro kwa kipaza sauti, safu kwa safu, na kila mtu akisikia kiwanja chake anapiga makofi. Changu kilisomwa. Binti yangu akanifinya mkono, nami nikamfinya. Kisha kijana akasema kwamba kutoka kwangu kushuka chini, pale palipo wazi, vimepatikana viwanja vipya ambavyo vitagawiwa wapangaji wa mtaa wasio na nyumba. Wanawake nyuma yangu wakapiga vigelegele. Sauti zile nazijua. Wengine niliwazalisha mimi, wengine waliwaleta watoto wao kwangu kuchomwa sindano. Pale palipo wazi ni pale ambapo korongo hushuka baada ya kupita jikoni kwangu.

Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi. Nilishtuka kuona nimesimama. Naapa sikuwa nimeamua. Binti yangu alinivuta gauni.

"Mama nesi, una pingamizi na nani?" mwenyekiti aliuliza, akicheka.

"Na nyumba yangu," nilisema. "Iko mtoni. Ukipima kwangu utapima na huko chini, na maji yakija yatawachukua na watoto wao. Uani kwangu kuna mawe ya mto. Njooni mvue viatu mkanyage."

Vigelegele vilikatika. Mtu akauliza kwa hasira kama nimetumwa. Kijana wa mchoro alifunua karatasi zake kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba watarudi kupima upya, na kwamba hati za upande huo zitasimamishwa kwanza. Mwanamke mmoja nyuma yangu akaanza kulia, na sikuthubutu kugeuka.

Binti yangu alinishika mkono kunirudisha nyumbani kama kawaida, akinionya kila penye shimo. Tulipofika alifungua mlango, akamlaza mtoto, akarudi akasimama mbele yangu, kivuli tu dhidi ya mwanga.

"Haya, mama," alisema. "Tunahamia wapi?"

Nilimwambia sijui.