Bwana Higginbottom wa Idara ya Huruma

Mimi, Eemeli Kallio, mwanafunzi wa bweni mwenye vyeti viwili vya nidhamu (kimoja nilikichapa mwenyewe), natangaza rasmi mbele ya dunia kwamba nimewahi kumwangusha mwanamume mzima kwa sauti tu, bila kumgusa.

Mwanamume mwenyewe ni baba yangu. Nami nilikuwa nimevaa taulo.

Ilikuwa likizo. Nilirudi nyumbani Thunder Bay, mji wa baridi kali, nikakuta mambo yamenuka. Baba, Reijo Kallio, hulipwa kusukuma theluji barabarani kwa lori, na majira mawili mfululizo theluji ilikuwa imegoma kuanguka. Madeni yakamfika shingoni. Kadi za mkopo, benki, na zaidi ya wote kaka yake, ba'mkubwa Tauno, aliyemkopesha akiba yake yote.

Baba akaenda kwa msimamizi wa madeni, Bi. Pelletier. Nikamsindikiza, kwa vile ofisini kwake kuna peremende.

"Usikimbilie kufilisika, Reijo," alisema. "Ukifilisika, lori linaondoka. Wape wanaokudai pendekezo: utalipa theluthi, kidogo kidogo, kwa miaka mitano. Wakikubali, lori linabaki na simu za vitisho zinakoma."

"Wakikataa?"

"Wasipojibu ndani ya muda, sheria inahesabu wamekubali. Benki nimeshaongea nazo, hazina neno. Kaka yako ndiye anadai zaidi ya nusu. Akisema hapana, imekwisha."

"Atasema ndiyo," baba akajibu haraka.

"Ndiyo yake haihesabiwi. Ni ndugu, na sheria inahofia upendeleo. Hapana yake ndiyo inahesabiwa. Mwambie asiseme kitu."

Nilicheka hadi peremende ikanipalia. Kumwomba ba'mkubwa Tauno asiseme kitu ni kama kumwomba samaki asipande ngazi! Mzee yule huzungumza Krismasi, na hapo ni kuomba chumvi.

Baba alikwenda kwake. Ba'mkubwa alimsikiliza, akammiminia kahawa, akasema, "Sitajibu barua yao. Usinishukuru. Ukinishukuru nitakasirika."

Wakaoga sauna, kile chumba cha mvuke wa moto, wakaagana.

Mtu mwenye akili angeacha hapo.

Jioni moja natoka sauna, taulo kiunoni, nikakiona kitabu cha namba za simu. Kidole kikaniwasha. Nikampigia ba'mkubwa, nikaikunja sauti puani.

"Hapa ni Bwana Higginbottom, Idara ya Huruma, ofisi ya Bi. Pelletier. Tunathibitisha tu, mzee. Mdogo wako anasema wewe ni ng'ombe wa maziwa unayetembea mwenyewe hadi kwenye ndoo. Ni sahihi?"

Nikaongeza:

"Tuandike ng'ombe wa rangi gani, mzee?"

Simu ikakatwa. Nikagaagaa sakafuni kwa kicheko.

Wiki hiyohiyo ba'mkubwa akaandika kwa Bi. Pelletier kwamba anataka kikao na anataka kupiga kura.

Alikuja amevaa koti la kanisani. Hakumtazama baba.

"Yule kijana wako Higginbottom," alimwambia Bi. Pelletier, "hana adabu."

"Sina kijana yeyote, bwana. Nafanya kazi na mkwe wangu Colette."

Baba akageuza shingo polepole mpaka macho yake yakanifikia. Nilikuwa nimeinama nachunguza zulia.

"Ulikuwa utani, ba'mkubwa," nikasema. "Nilitunga mwenyewe."

"Yote?"

"Yote."

Uso wa ba'mkubwa ukalegea. Aliirudisha kalamu mezani. Naapa, mambo yalikuwa yameshapona.

"Hapana, kaka," baba akasema. "Hilo la ng'ombe nililisema mimi. Nyumbani, kwenye sauna. Mtoto alinisikia."

"Ulikuwa umelewa?"

"Hapana."

"Ulikuwa unacheka?"

Baba alifikiri kabla ya kujibu. Mungu amsamehe kwa unyofu wake.

"Ndiyo."

Ba'mkubwa akamgeukia Bi. Pelletier. "Andika hapana."

"Mzee, ukitaka muda wa..."

"Nimesema."

Baba alifilisika. Lori lilibebwa juu ya lori jingine, na siku hiyo theluji ikaanguka ya kufunika magari. Sasa baba hupanga magaloni ya rangi dukani, na msimamizi wake wa zamu nilisoma naye shule ya msingi.

Funzo, wapendwa wasomaji: mtu akikusaidia kwa kunyamaza, usimchokoze aseme.

Ningeishia hapo kwa heshima zote. Lakini baba amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma. Sikumsikia akiingia.

"Waambie simu zilikuwa ngapi," anasema.

"Baba, wasomaji wamechoka."

"Kaka aliniambia pale kwenye ngazi za ofisi, siku ya kikao. Waambie."

Mbili.

Ya kwanza niliipiga siku moja kabla. Haikuwa na ng'ombe. Higginbottom alimuuliza tu mzee kama huruma yake ni ya kilo au ya lita. Ba'mkubwa alicheka. Alicheka kwa sauti, mtu ambaye hajacheka tangu azike mkewe, akasema, "Piga tena siku nyingine, kijana, yeyote uliye."

"Sasa waambie kwa nini ulipiga ya pili."

Kwa sababu alicheka. Mimi nilitaka akasirike, na nilijua neno litakalomkasirisha.