Honi Nyuma ya Mzee Mutua

Piiii. Ndivyo ilivyolia honi, mlio mrefu usio na haya, nilipokanyaga breki nyuma ya gari lililobeba mwili wa Mzee Mutua, na msafara mzima ukageuza shingo kunitazama mimi, mwanafunzi wa uzamili niliyevaa nguo nyeusi na uso wa mtu asiyejua lolote. Nakiri mapema kwamba kosa lilikuwa langu, ingawa siku ile nililitafuta kila mahali isipokuwa kwangu.

Gari ni la Baba, stesheni wagen iliyonizidi umri. Yeye na Mzee Mutua walikuwa madereva na majirani wa ploti moja mtaani Huruma. Sasa Baba yuko Machakos, nyonga haimruhusu kusafiri, kwa hiyo aliniambia, "Nenda mazishini na gari langu. Likiwapo, nipo." Maneno hayo yalinielemea (huwa naelemewa upesi), nikalishughulikia gari juma zima: nilisugua kutu chini ya boneti, nikaona boliti moja chafu iliyoshika waya mweusi, nikaifungua, nikapaka rangi tabaka mbili zilizo sawasawa, nikaifunga tena. Sikumwambia. Nilitaka asikie sifa kutoka kwa watu.

Basi kila nikigusa breki, honi inalia na taa za kugeukia zinawaka kwa unyonge pande zote mbili, kana kwamba tunampeleka bibi harusi kanisani. Karibu na Gikomba, mwanamume wa bodaboda aliniinamia dirishani.

"Sista, umekosea msafara. Harusi imepita na ile njia ingine."

Kwenye basi la kwaya, akina mama waliziba midomo kwa leso.

Tuliposimama langoni mwa makaburi nilifungua boneti, nikatoa mita ya umeme (ndiyo, nilikwenda mazishini na mita mkobani), nikapima kila waya uendao kwenye taa. Sikupima hata mmoja urudio. Mjomba Kioko, mdogo wake marehemu, akaja polepole akasimama kando yangu.

"Msomi, hiyo inasema nini?"

"Volti kumi na mbili, mjomba. Kila mahali ni sawa."

"Na sisi tunasikia si sawa. Chomoa waya wa honi tuzike mtu."

Nikamweleza kwamba kuchomoa waya ni kuficha dalili, si kutibu chanzo. Alinitazama kwa huruma, yeye mfiwa, akainama, akauchomoa kwa vidole viwili.

"Mpigie baba yako," akasema.

Ningeweza kumpigia tangu breki ya kwanza. Lakini ningemwambia nini? Alinituma nimwakilishe mbele ya rafiki yake kwa mara ya mwisho, nami nikamfanya kichekesho. Nilisimama kaburini nikiitunga ile simu, nikiifuta, nikiitunga upya, na kabla udongo haujajaa nilikuwa nimeapa kwamba sitapendezesha tena kitu nisichojua kazi yake.

Watu walipotawanyika, niliketi garini nikapiga.

"Baba, nimekuaibisha." Nikamweleza yote, hata zile tabaka mbili.

"Boliti ya waya mweusi uliipaka rangi?"

"Juu na chini yake."

"Pale ndipo umeme hurudia, mama. Unataka chuma kitupu. Ukiuzibia njia, utapita kwenye taa, utapita kwenye honi, popote utakapopata." Kisha akauliza, "Honi ililia ukiwa nyuma ya Mutua?"

"Nyuma yake kabisa, Baba. Toka mochari mpaka langoni."

Nikashika usukani kwa mkono mmoja nikisubiri kukaripiwa.

"Miaka yote ile nilimpigia honi pale getini ndio atoke twende kazini," akasema. "Basi alijua nimefika."