Siku Tulipomlilia Papa Zakaria Akiwa Bandarini

Mpaka leo nikitoka nyumbani hapa Kasenga napitia njia ya nyuma, kwa sababu njia ya mbele wananiita "Mama Matanga", na mimi hata mume sina. Acheni niwasimulie mwenyewe, maana kila anayesimulia anaongeza chumvi.

Mimi huandika hadithi fupi za watu wanaokula kwa jasho lao: wachoma matofali, akina mama wanaoanika samaki wadogo wa ndagala, wabebaji mizigo. Hakuna aliyenifundisha, ndiyo maana kila sentensi naifuta na kuirudia hadi karatasi inatoboka. Jumapili moja, baada ya misa, nilikuwa nisome mbele ya vijana wa parokia kwa mara yangu ya kwanza, hadithi ya mbebaji wa bandari ya Kalundu anayeangukiwa na gunia na kufa. Mbebaji huyo nilimtoa kwa jirani yetu Papa Zakaria, na jina lake nililiacha vilevile, nikisema nitalibadilisha mwishoni (yeye sikumwambia kitu, niliogopa atakataa).

Jumamosi asubuhi kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa kilio cha mjane. Nikikiandika kinakuwa kama tangazo la redio. Basi nikaamua, jambo dogo tu, nitoke nyuma ya nyumba nikijaribu kwa mdomo. "Yooo, Zakaria wangu! Unaniachia nani?" Haikutosha. Nikapandisha sauti, nikashika kichwa, nikarudia, halafu nikaingia ndani kuandika, nimefurahi kabisa.

Kwetu kilio hakisubiri mwaliko. Ukikisikia unaepua sufuria, unachukua kuni, mkeka, chochote, unaenda. Mimi nilizama kwenye karatasi mpaka niliposikia nyimbo za msiba upande wa pili wa ua. Nikatoka mbio. Kwa Papa Zakaria watu wamejaa, turubai limeshafungwa, jirani yetu Mama Riziki anashusha kuni kichwani.

"Mama, nani?"

"Papa Zakaria, mwanangu. Alienda kubeba asubuhi, simu aliacha nyumbani. Tulisikia tu kilio."

Na mimi (hapa ndipo naona haya zaidi) sikuwaza chochote. Nilianguka chini nikalia kwelikweli, tena kile kilio nilichokitafuta asubuhi nzima kikatoka chenyewe, kizuri ajabu. Mke wake, Mama Furaha, akaletwa na pikipiki kutoka sokoni, kitambaa cha kichwa kiko mkononi, tukakumbatiana, tukalia wote wawili.

Ndipo Papa Zakaria akaingia, vumbi la simiti mpaka kwenye nyusi.

"Nani amekufa kwangu?"

Wimbo ulikatika. Mwanakwaya mmoja aliruka ua. Mama Furaha akamshika mumewe mikono, uso, masikio, kisha akageuka.

"Nani alilia wa kwanza?"

"Sauti ilitokea kwa huyu," akasema Mama Riziki, akininyooshea kidole.

Nilieleza yote, nikijua hadithi imekwisha na Jumapili yangu imekwisha. Papa Zakaria akakaa kwenye kiti walichomwekea padri.

"Leta ile karatasi. Soma."

Nikasoma mbele ya waombolezaji wote. Nilipofika kwenye kifo akainua mkono.

"Gunia la nini?"

"La muhogo, Papa."

"Muhogo! Minye Zakaria nife na muhogo? Weka simiti, mutoto!"

"Weye, umufufue!" akafoka Mama Furaha, akinigeukia. "Minye siwezi kulia tena, sauti imeisha!"

Watu wakacheka mpaka turubai likalegea, na kwa kuwa maharage yalikuwa yameshaiva, tukala.

Jumapili nilisoma. Zakaria wa hadithi aliinuka na gunia lake (la simiti), na Zakaria wa kweli, mstari wa mbele, alipiga makofi kila jina lake lilipotajwa. Tangu siku hiyo namwomba mtu ruhusa kabla sijamwua, na vilio vyote naviandika nikiwa nimefunga mdomo. Lakini nilipotaka kumrudishia Mama Riziki kuni zake zilizobaki, alizikataa.

"Ziache palepale kwa Zakaria. Weye si bado unaandika?"