Udongo wa Nyuma ya Zizi

Bakteria wangu hula mashudu ya pamba. Nayafuata Bunda, nayaloweka, nayachemsha, yakipoa nawaweka humo wazaane siku tatu. Maji ninayochuja yana kimeng'enya kinacholegeza manyoya ya ngozi bila chokaa. Mteja wangu ni mmoja tu, mzee fundi viatu wa Nyasura, na sidhani kama kuna mwingine anayefurahi akiona namba yangu kwenye simu. Chumba changu cha Kitaji kinanuka; mwenye nyumba hunisalimia kupitia dirishani.

Bakteria hao niliwatoa nyumbani Butiama, nyuma ya zizi la marehemu baba, alikokuwa akichinja na kuwamba ngozi. Manyoya yakioza mahali pamoja miaka mingi, wanaojua kuyala hukaa hapohapo. Kaka yangu, aliyebaki na mji wa baba, siku hiyo alikwenda mnadani. Ningemsubiri nimweleze, lakini sipendi kujieleza, na hiyo ndiyo shida yangu tangu utotoni. Nikachota udongo kwa kijiko, nikajaza kopo la majani ya chai. Kuinua macho, shemeji amesimama ananitazama. Nilimsalimia, akaitikia kwa shida.

Kwetu, mtu anayebeba udongo wa mji wa mwenzake kimyakimya ana jina lake, na jina hilo si mtafiti.

Mwezi uliofuata ng'ombe wawili wa kaka walikufa. Akanipigia.

"Rudisha ulichochukua."

"Kaka, ni wadudu tu, hawaonekani kwa macho. Nawatumia kwenye kazi ya ngozi."

"Wadudu wasioonekana," akarudia polepole. "Wewe si ulikuwaga unaomba kila kitu hapa? Hiki mbona hukuomba?"

Wiki nzima nilibishana naye kichwani, nikishinda kila mara, tena kwa hasira. Jumapili nikapanda gari la Butiama na kopo langu. Bakteria walibaki kwenye chupa Kitaji. Nilichobeba ni udongo tu. Ndugu mwingine sina, na nilitaka yaishe.

Niliumwaga palepale nyuma ya zizi, kaka na shemeji wakitazama. Kaka akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Yameisha, mdogo wangu," akasema, machozi yakimlenga. Alimaanisha.

Shemeji akaleta chai. Watoto wao wakanikimbilia kama zamani, naye akawaita ndani, mmoja mmoja, kwa sauti ya upole kabisa. Mdogo wao alikuwa ameshafika magotini pangu. Shemeji akamfuata mwenyewe, akambeba.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilifikiri narudisha udongo, kumbe nimekiri, nao wamenisamehe kwa moyo mweupe kosa ambalo sikulifanya. Ningeanza kukana saa hiyo, nani angenisikiliza? Nilijisikia mpweke kuliko siku zote nilizowahi kukaa peke yangu.

Nikamaliza chai, nikaaga. Kaka alinisindikiza hadi barabarani kwa heshima zote, wala hakuniuliza nitakuja tena lini.