Yeshihareg na Mizani ya Kioo

Wako wanawake wanaosifiwa kwa sauti, wako wanaosifiwa kwa mkono wa kusuka. Yeshihareg wa Debre Berhan alisifiwa kwa kunenepesha wazazi. Mwanamke akijifungua, huitwa yeye, na akimaliza arobaini hutoka ndani na mashavu. Basi bintiye mwenyewe, Wubit, alipojifungua mtoto wa kiume huko Addis Ababa, Yeshihareg aliteremka kwenye basi amekumbatia mtungi wa siagi, na hakumruhusu mtu kuugusa.

Mkwewe alikuwa amenunua mizani ya bafuni, ya kioo, inayowaka namba. Yeshihareg aliikagua kama anavyokagua kuku sokoni. Kioo kilimtelezesha mtu mwenye siagi miguuni. Hakikuamka mpaka kigongwe kwa kidole cha mguu. Na namba zilizimika kabla mtu hajakusanya gauni lake akaona chini. Hata hivyo aliipenda kwa jambo moja: haina husuda. Wakajipima palepale bafuni. Wubit hamsini na nne, mama mtu sitini na mbili.

Wiki kadhaa baadaye akaja Aynadis, wifi yake Wubit, na mdomo wake. Alimtazama Wubit aliyejifunika shuka, akasema haoni nyama yoyote hapo. Kwao alikuwapo mlezi mzuri, wa mjini. Mama angeweza kurudi zake akapumzike.

Yeshihareg alitandaza majani mabichi sebuleni, kama ilivyo ada ya kahawa kwao, akawasha jiko la kahawa, kisha akaagiza mizani itolewe bafuni iwekwe katikati, wifi mtu ajionee.

Wubit akapanda. Hamsini na moja.

Buni zikaungua kaangoni. Aynadis hakupandisha hata sauti. "Mama, hiyo siagi unampa yeye au unampa paka?"

Wubit akaanza kulia. Kufukuzwa kabla ya arobaini, tena kwa binti yako wa kumzaa: Debre Berhan nzima ingesikia kabla basi halijafika. Yeshihareg akamshusha, akapanda yeye, na mshipi wake uliokuwa ukimbana tangu aje. Hamsini na saba.

"Na mimi nimekonda?" akauliza. "Basi hiki chombo kimeanza kufunga kabla ya kwaresima."

Ndipo akahisi kinayumba. Akainama, akaona kimezama kwenye majani, upande mmoja juu, mwingine chini. Akayafagia kwa mguu mpaka sakafu ikabaki tupu, akakiweka hapo, akapanda. Sitini na tatu.

"Panda, mwanangu."

Wubit akapanda. Namba zikahangaika, zikatulia: hamsini na nane. Zikazimika kabla Aynadis hajainama. Ikabidi Wubit apande tena, na safari hii wifi akapiga magoti kabisa.

"Soma kwa sauti, wifi," Wubit akasema, akifuta machozi kwa ncha ya shuka.

Aynadis akasoma. Kisha akasema, "Basi ni mpaka arobaini, mama."

"Mpaka arobaini. Na hiki chombo si kibaya. Kinataka sakafu ngumu tu, na mtu asiye na haraka ya kusema."

Akamwaga buni zilizoungua, akaweka nyingine. Halafu akaingia jikoni kusonga uji mzito wa shayiri, akautoboa kisima katikati, akakijaza siagi mpaka pomoni. Akaleta vijiko viwili. Aynadis akapokea kimoja, akala.